Mume Wangu Ameihama Stima

Bi. Nthoki Musau (Mama Eve),
Nyumba Namba 7, ghorofa ya pili,
Lucky Summer.
Jumamosi, baada ya chai ya saa nne.

Kwa Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, Mzee Aloo,
Nyumba Namba 2, mlango wa kijani.

Mzee wetu Mwenyekiti,

KUH: MUME WANGU KUIHAMA STIMA NA KUHAMIA INJINI YA MAFUTA

Ni matumaini yangu kwamba goti lako limepoa tangu ile jioni ulipopanda ngazi mbio kuja kuvamia nyumba yangu. Nitaifikia hiyo jioni. Najua tunatumia ngazi moja na ningeweza kukusimamisha hapo chini nikakueleza kwa mdomo, lakini maneno ya ngazini hupeperuka, na mimi nataka haya yaingie kwenye faili.

Mume wangu Musau unamjua vizuri. Ni fundi wa stima, na ile taa ya mlangoni kwako ni yeye aliyeifunga. Kwa miaka minne sasa amekuwa akiunda na kurusha ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti, zile zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, kama za vita vya zamani. Watu wa ploti wanaziita ndege za ghorofa. Zote zilikuwa za betri. Hata mimi alinifundisha, nikaundiwa yangu ya manjano, yeye akabaki na nyekundu, na sikuwahi kuangusha yangu zaidi ya mara kumi na nne. Tuliishi hivyo kwa amani.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda Gikomba kwa maseremala kutafuta mbao nyepesi za mabawa. Akapitia kwa Mohamednur, yule anayeuza vyuma na vikorokoro vya mitumba, na humo ndani ya karai akaokota kiinjini cha ukubwa wa ngumi. Mohamednur alidhani ni pampu ya mashine ya kahawa. Musau alijua ni nini. Injini hizi wenyewe huziita glow, kwa sababu zina kiplagi chenye waya mdogo ambao ukishapata moto unabaki mwekundu na kuchoma mafuta wenyewe. Alirudi nyumbani akiwa ameifunga kwenye sweta yake, naye akitetemeka kwa baridi. Tangu siku hiyo sina mume, nina mekanika.

Sasa nayapanga malalamiko yangu kwa nambari, ili usije ukaniambia ulichanganyikiwa.

1. KELELE

Ndege ya betri ilikuwa ikivuma kama feni. Ungeweza kuipitisha juu ya mtu anayesali na asifumbue macho. Hii ya glow inalia kama msumeno wa miti uliofungiwa ndani ya ndoo. Tena nimeambiwa kwamba injini, hata ikiwa kuukuu kumpita Eve wetu, lazima kwanza ifundishwe kabla ya kupaa: ifungwe mahali, iwashwe, iachwe ingurume tangi baada ya tangi mpaka ilainike. Musau aliifunga wapi? Kwenye meza yangu ya kupigia pasi, kwenye roshani, saa moja asubuhi. Meza ikaanza kutembea. Haki ya Mungu, Mwenyekiti, meza ilitoka roshanini ikaingia sebuleni kwa miguu yake yenyewe, na mume wangu anaifuata nyuma akicheka kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Sally wa namba tano, ambaye alikuwa ametoka kazi ya usiku, aliruka nje na leso moja tu akiuliza kama ni tetemeko la ardhi. Kuku wa pale chini waligoma kutaga siku tisa. Nilikuwa nikiangalia kila asubuhi.

2. HARUFU, NA YALIYOTUPATA KWA SABABU YAKE

Injini hii hainywi petroli. Inakunywa methanoli, ile spiriti kali, iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Mchanganyiko wenyewe hauuzwi dukani hapa kwetu, kwa hiyo Musau anauchanganya mwenyewe. Hebu fikiria, Mzee. Lucky Summer, ghorofa ya pili. Mwanamume ameinama juu ya mtungi wa buluu. Ana faneli, ana chupa yenye alama za kupimia, ananusa, anatikisa, anainua juu kwenye mwanga kuangalia kama imekuwa safi. Na harufu inashuka ngazi pole pole mpaka barabarani. Mtu wa Eastlands akipita hapo atasema nini? Atasema huyu bwana anarusha ndege?

Wateja walikuja siku hiyo hiyo. Watu wazima, wenye familia, wamebeba vikombe. Mmoja wao ni mwanakwaya, na jina lake nalihifadhi. Musau aliingiwa na hofu, kwa sababu methanoli si mchezo, inapofusha na inaua, na sisi sote hapa tumezika watu kwa ajili yake. Akafunga mtungi kwa kufuli na mnyororo, kisha akachukua rangi nyekundu akauandika kwa herufi kubwa: SUMU. HII SI POMBE.

Hapo ndipo alipotumaliza. Mwenyekiti, mtaa huu wote ni nani aliyewahi kuandika "hii si pombe" juu ya kitu ambacho si pombe? Umewahi kuyaona maneno hayo kwenye pakiti ya unga? Jioni hiyo ndipo ulipopanda na wazee wawili na rungu, giza ngazini, ukajigonga goti kwenye pipa la maji la namba sita. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningekuja na wanne. Ulipotaka uthibitisho, Musau aliiwasha ile injini mbele yako, upepo wa propela ukaichukua kofia yako ukaipeleka juu ya paa la jirani, na wazee wale wawili wakateremka ngazi kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wao. Hata hivyo wako watu mpaka leo wanaosema ile ni mashine ya kutolea pombe, ila ni ya kisasa.

Jina jema hung'aa gizani, lakini langu limezimika mchana kweupe. Kule kanisani nimeombwa, kwa upole mwingi, nipumzike kwanza kwenye kamati inayoandaa divai ya meza ya Bwana. Miaka kumi na mmoja nimeiandaa divai hiyo. Woi!

3. MAFUTA YA MBARIKA

Jambo hili nitalisema kwa ufupi, kwa heshima ya waliohusika. Ile zamu ya wanawake kuabudu nyumba kwa nyumba ilipofika kwangu, nilikusudia kuosha jina langu kwa chapati. Nilipika chapati thelathini. Mafuta yangu yalipoisha katikati nilinyoosha mkono, nikakuta chupa ya mafuta mazito, safi, ya rangi ya asali, karibu na jiko. Sikuuliza. Ni kweli ni mkono wangu uliomimina, lakini nakuuliza wewe kama kiongozi: ni nani aliyeiweka chupa ya ndege karibu na chapati?

Walikuwa wanawake tisa. Choo tunacho kimoja. Tulikuwa tumefika kwenye somo la uvumilivu. Yaliyobaki unayajua, kwa kuwa wawili kati yao walikuja kubisha mlango wako wa kijani, na nakushukuru kwa kuwafungulia bila maswali.

4. USALITI

Stima ndiyo iliyotulea. Stima ilimsomesha Eve mpaka akapata kazi. Stima ilinunua kochi. Mtu aliyekula stima miaka ishirini na sita, anapata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya wateja na kusema kwamba betri haina roho, injini ndiyo yenye roho? Juzi bwana mmoja wa Baba Dogo, aliyekuwa anataka kufungiwa waya nyumba nzima, alimsikia akisema hivyo, akasema atarudi wiki ijayo. Hajarudi. Mwacha asili ni mtumwa.

Tena ni unafiki mtupu, kwa sababu hiyo injini yenyewe haiwaki bila betri! Plagi lazima ipashwe moto kwanza na kibetri kidogo, kisha ikishaamka inajidai haiijui stima. Petro alimkana Bwana mara tatu. Huyu wangu anakana kila Jumapili, halafu anaazima betri ya saa ya ukutani. Saa yangu imesimama kwenye saa mbili na robo tangu mwezi wa tano.

Najua hapa utanikumbusha kwamba mwaka juzi nilikuandikia barua nyingine, ya kurasa nne, nikilalamikia hizo hizo betri. Ni kweli. Nililalamika kwamba zinafura kama mandazi, kwamba anazihifadhi ndani ya sufuria yangu kubwa zisije zikalipuka, kwamba zinachajiwa wakati wa taarifa ya habari na kumaliza tokeni za stima. Naomba barua ile itolewe kwenye faili na kuchomwa. Sikujua nilichokuwa nacho. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na lile la betri lilikuwa linanijua.

5. JUMAPILI

Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyavumilia, hata ya choo.

Wakati wa betri, tukitoka kanisani tulikuwa tunakula, halafu tunatembea mimi na yeye mpaka kwenye kile kiwanja cha shule. Betri moja inarusha dakika saba. Baada ya dakika saba unateremsha ndege, na betri lazima ipoe kabla ya kuiweka nyingine. Basi tunaketi juu ya ule ukuta mfupi wa matofali na thamosi ya chai. Musau nyumbani hasemi, unamjua, anaweza kumaliza wiki kwa maneno arobaini. Lakini pale, betri ikipoa, alikuwa anasema. Ndipo aliponiambia kwamba anaogopa macho yake yanaanza kufifia. Ndipo tulipomlilia mama yangu, kwa sababu kwenye matanga yenyewe hatukupata nafasi, tulikuwa tunahudumia watu. Eve alipokwenda kufanya kazi Doha na nyumba ikabaki kimya, tulikwenda kiwanjani hata katikati ya wiki.

Glow haina kupoa. Unajaza tangi, unapaa robo saa, unashuka, unajaza, unapaa tena. Na kwa vile kelele yake haikubaliki karibu na watu, inabidi aende mpaka uwanda mmoja huko mbele ya Kamulu, yeye na wenzake wawili, Sydney na Muriuki, wanaoitana Kapteni. Kapteni wa nini, ikiwa ndege yenyewe ingeingia kwenye beseni? Wanaondoka saa sita. Anarudi jioni amelowa mafuta ya mbarika mpaka masikioni, anakula, analala. Nikimuuliza ilikuwaje, anasema iliruka.

Mwenyekiti, naumia. Nimeolewa, mume wangu yuko hai, hanywi, hanipigi, hana mwanamke mwingine, na nimemkosa. Nilipeleka ile yangu ya manjano kiwanjani peke yangu Jumapili mbili. Iliruka vizuri tu. Betri ilipokuwa inapoa, nikaketi pale juu ya ukuta na vikombe viwili, nikajiona mjinga.

6. MKE WA PILI

Nimesema hana mwanamke mwingine. Naomba kusahihisha.

Ndege hiyo ameipa jina. Ameiandika ubavuni kwa rangi ya fedha: Tiffany. Mimi katika miaka ishirini na sita sijaandikwa jina langu mahali popote isipokuwa kwenye fomu ya hospitali. Tiffany analala chumbani kwetu, kwa sababu eti mbao zake zikipata unyevu zitapinda. Mbao zangu je, zikipinda? Ana mabawa mawili, na la juu linapita juu ya mto wangu. Anapanguswa kila jioni kwa kitambaa laini, sehemu baada ya sehemu. Anavalishwa shuka.

Sasa wewe ni mtu mzima, na ingawa ni Mjaluo, umeishi na sisi Wakamba vya kutosha. Kwetu mwanamke hawi mke wa mtu mpaka mbuzi wa ntheo wapelekwe kwao. Mimi walikuja watatu, nawakumbuka, mmoja alikuwa na madoa na alikula kitambaa cha shangazi. Pia mume akitaka kuongeza, mke mkubwa huambiwa mapema na kuheshimiwa. Mimi niliambiwa lini? Niliona sweta tu imefungwa kitu. Hakuna mbuzi aliyekwenda kwa watu wa Tiffany, na watu wake wenyewe ni Mohamednur na karai lake. Kwa hiyo ama huyo ni mke, na sheria haikufuatwa, au si mke, na basi anafanya nini kitandani kwangu?

MAOMBI YANGU

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo bila kuchelewa.

(a) Musau aitwe kesho Jumapili saa nane mbele ya wazee, aamriwe kuirudia stima ndani ya siku kumi na nne, na atamke hadharani kwamba betri ina roho.

(b) Ikiwa atakataa, Tiffany atambuliwe rasmi, Mohamednur apelekewe mbuzi watatu kama baba wa msichana, nami nipewe mmoja wa kunifuta machozi. Atambuliwe pia kama mkazi, achangie takataka na mlinzi kama sisi wengine.

(c) Kwa kuwa mke wa pili hawezi kulala chumba kimoja na wa kwanza, Tiffany atafutiwe nyumba yake. Najua ploti yetu ina nyumba kumi kamili na ndiyo maana unaitwa Mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Itabidi ubadilishe muhuri.

(d) Ikiwa (a), (b) na (c) zitashindikana, naomba nihamishiwe mimi kwenye kile kiwanja cha shule, na niachiwe sufuria.

Nimalizie hapo, maana mkono umechoka na hasira imebaki kidogo, nayo nataka kuitunza ya kesho. Nisalimie mama wa nyumba yako, na mkwe wako aliyekuja juzi, na wale wazee wawili, uwaambie propela haiwafuati. Msalimie hata mwenye kuku. Bwana awe nanyi nyote, na awe nami zaidi, kwa kuwa mimi ndiye ninayehitaji.

Ni mimi jirani yako wa juu, mke wa ntheo, asiyeandikwa jina ubavuni mwa chochote,

Nthoki Musau

TANBIHI. Mzee, nilikuwa nimeshalamba bahasha. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ikiwa imekunjamana.

Mchana huu Musau amepanda ngazi akasimama mlangoni pa jikoni, anakuna kichwa. Kumbe Sydney amesafiri Meru kwenye mazishi, na Muriuki alikatwa kidole na propela, ameshonwa. Mimi nikasema pole na nikaendelea kukata vitunguu. Ndipo akasema, akiangalia sakafu, kwamba injini ya glow haiwashwi na mtu mmoja. Lazima mmoja asimame mbele azungushe propela, na mwingine apige magoti nyuma ashike mkia, kwa sababu ikishika moto inataka kwenda yenyewe na kukata watu. Akasema hana mtu wa kushika. Akasema anaiamini mikono yangu.

Tulishuka nyuma ya ploti. Nikapiga magoti kwenye kokoto na kitenge changu kizuri, nikamkumbatia Tiffany kwa mikono na magoti. Musau akachukua kijiti chake cha kuzungushia propela, akazungusha mara moja, mbili, ya tatu ikashika. Woi, Mwenyekiti! Ilinitetemesha mpaka meno. Ilitaka kutoroka kama ndama, nami nikaikaza, mafuta yananirukia usoni, na yeye ameinama mbele yangu hatua mbili tu, ananiangalia mimi, si injini. Akapaza sauti akasema kitu. Sikusikia hata neno.

Nimeyafikiria haya nikiwa naosha uso. Miaka minne ya betri kila mtu alikuwa na ndege yake na swichi yake. Hakuna siku hata moja aliyoniambia ananihitaji.

Basi futa (a), (b), (c) na (d), na saa nane kesho usituite, tutakuwa tumeshaondoka kwenda Kamulu. Ningeichana hii barua, lakini ni kurasa sita za mwandiko mzuri, nikaona ni dhambi. Isome, kisha uwashie jiko, ila usiiweke karibu na moto kwa ghafla, kwa sababu nimeishika kwa mikono yenye yale mafuta ya ndege.

Injini ilipozimwa nilimuuliza alikuwa anasema nini. Akaniambia alikuwa anasema, Nthoki, usiachilie. Nikamwambia ajaze tangi tena.